Kikapu kinachopika huku mama yuko mpakani

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kila mtoto aliyesoma Kiswahili shuleni anaijua methali hii, lakini haisemi lolote kuhusu mtu anayerudi kwao. Aliyerudi si mgeni, kwa hiyo hapewi zile siku mbili. Wala si mwenyeji kamili, maana hajui nani alimwoa nani, shamba la nani liliuzwa, wala kwa nini nyumba hii na ile hazisalimiani. Katika miji yetu ya Busia na Tororo watu wa aina hiyo ni wengi, na swali wanaloulizwa mapema kuliko yote ni dogo tu: Jumamosi utaleta chungu gani?

Swali hilo linatokana na desturi ya kula kikoa. Kwa asiyelijua neno hilo, kikoa ni chakula kinacholiwa kwa ushirika. Watu wa pwani wamelitumia tangu zamani kwa maana ya majirani au marafiki kukubaliana kupika kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, au kila mmoja kuleta alichonacho na wote wakala pamoja. Huku kwetu mpakani kila mtaa una namna yake. Katika mtaa wetu kila nyumba inaleta chungu kimoja, mikeka inatandikwa chini ya mwembe, na watu wanapakua. Hakuna kadi ya mchango kama ya harusi, hakuna mwenyekiti wa kamati, na hakuna anayesomewa jina kwa kiasi alichotoa.

Jambo hili ni zuri, ila lina tatizo moja. Wanaohitaji kikoa kuliko wengine ndio wasio na nafasi ya kupika. Mama anayeuza mayai, samaki au nguo kuukuu anatoka nyumbani kabla jua halijachomoza na kurudi linapozama. Aliyerudi juzi mara nyingi anaishi peke yake, hana mama mkwe wala wifi wa kukaa jikoni. Maharage makavu yanahitaji saa mbili au tatu motoni, na moto wa kuni au makaa hauachwi peke yake. Basi mtu huyo ama anaacha kwenda kikoani, ama ananunua mkate na soda dukani, kisha anakaa pembeni akiwa na aibu kidogo.

Makala haya yanahusu kifaa cha bei ndogo kinachoondoa tatizo hilo, yaani kikapu cha kupikia. Yanahusu pia watu ambao kikapu hicho kinawafaa, na hatari ambazo mpishi wa polepole anapaswa kuzijua kabla hajawalisha watu wa mtaa mzima.

Watu waliokwenda na kurudi

Wazee wa huku husema mpaka uliwakuta wameketi. Mwaka 1902 Uingereza iliumega uliokuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya yake ya jirani, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wateso na Wasamia wakajikuta pande mbili bila kuhama hatua moja. Ndiyo maana hadi leo ukipita Busia unaweza kusikia "Mulembe" upande wa Uganda na "Yoga" upande wa Kenya, na hakuna anayeshangaa.

Baadaye watu walihama kweli. Katika miaka ya 1970, utawala wa Idi Amin uliwafukuza Waganda wengi waliosoma, na shule nyingi za Kenya zikapata walimu kutoka Uganda. Katika miaka ya 1980 vita viliendelea kuwasukuma watu mashariki, hasa kutoka Teso. Desemba 1987 hali iliharibika zaidi pale majeshi ya nchi hizi mbili yalipofyatuliana risasi hapa hapa Busia. Kisha Januari 2008 msafara ukageuka. Maelfu ya Wakenya waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 walivuka Busia na Malaba kuingia Uganda. Wengi walipokelewa katika kambi ya Mulanda, wilayani Tororo, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo baadaye mwaka huo.

Kwa hiyo hapa hakuna upande unaoweza kujidai kuwa ndio mwenyeji na mwingine ndio mkimbizi. Kila mmoja amewahi kula kwa mwenzake.

Mimi ni mmoja wa watoto wa msafara wa miaka ya 1980. Nilizaliwa Tororo, nikasomea Kenya katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, nikarudi nikiwa mtu mzima na cheti cha ualimu mkononi. Bibi yangu alitamani nimsifie atap, ule ugali wa wimbi na muhogo alioupika maisha yake yote. Nilimsifia, na nilikuwa namaanisha. Lakini chakula kilichonituliza moyo siku za huzuni kilikuwa githeri, mahindi na maharage ya bwenini. Nimezungumza na wengi waliorudi, na karibu kila mmoja ana chakula chake cha namna hiyo. Aliyekulia Nairobi anataka chapati na ndengu. Aliyekaa Kampala anataka matoke ndani ya majani. Kikoa kina faida hii kwamba kila mtu anaweza kuleta chakula cha kule alikokulia bila kuonekana anadharau cha hapa.

Kupika polepole si jambo geni

Wapo waliorudi kutoka Uingereza au Marekani wakiwa na sufuria ya umeme ipikayo polepole, ile unayoiwasha asubuhi na kukuta chakula tayari jioni. Watu huidhani kuwa uvumbuzi wa Wazungu matajiri. Asili yake ni nyingine. Irving Naxon, mhandisi wa Chicago, alipata hataza yake mwaka 1940. Alisimulia kuwa wazo lilitoka kwa mama yake, aliyemweleza jinsi Wayahudi wa kijijini kwao Lithuania walivyopeleka vyungu vya maharage na nyama katika tanuri la mwoka mikate Ijumaa jioni, kabla Sabato haijaingia. Tanuri lilipoa taratibu usiku kucha, na kesho yake kila familia ikachukua chungu chake. Kampuni ya Rival iliinunua biashara yake, na mwaka 1971 ikaanza kuuza sufuria hiyo kwa jina la Crock-Pot.

Kwa maneno mengine, sufuria ile ya umeme ilianza kama tanuri la jirani. Huko Oman, wakati wa Idi, wanakijiji hufukia nyama iliyotiwa viungo na kufungwa kwa majani katika shimo moja lenye makaa, kila familia na furushi lake, wakaifukua baada ya siku moja au mbili. Chakula hicho kinaitwa shuwa. Zanzibar kuna bokoboko, ngano na nyama zinazopikwa kwa saa nyingi hadi kusagikana. Buganda kuna luwombo, nyama au kuku aliyefungwa katika jani la mgomba na kuivishwa kwa mvuke, ambayo husimuliwa kuwa ilibuniwa na mpishi wa Kabaka Mwanga mwaka 1887. Na bibi zetu wa huku magharibi ya Kenya na mashariki ya Uganda walipika mboga chungu kwa maziwa katika chungu cha udongo, wakaipasha leo na kesho na keshokutwa hadi uchungu ukaisha.

Kikapu cha kupikia ni ndugu wa hao wote. Mwaka 1867, katika maonyesho makubwa ya Paris, Mnorwe mmoja alionyesha sanduku lililotandikwa ndani ili kuzuia joto lisitoke, sufuria ikiendelea kuiva bila moto. Wakati wa vita vikuu vya dunia, akina mama wa Ulaya walitumia masanduku ya nyasi kavu kwa kazi hiyo kwa sababu kuni na makaa yalikuwa haba. Nchini Kenya maofisa wa kilimo wanaofundisha uchumi wa nyumbani wamekuwa wakifundisha vikundi vya akina mama kukitengeneza kwa miaka mingi. Afrika Kusini, mwaka 2008, Sarah Collins alianza kuuza mfuko wa kitambaa unaofanya kazi hiyo hiyo kwa jina la Wonderbag.

Siri yake ni nyepesi. Chakula kikishachemka hakihitaji moto zaidi ili kiive. Kinahitaji kubaki na joto. Jikoni tunachoma makaa saa tatu ili kurudisha joto ambalo sufuria inalipoteza hewani. Ukiizuia sufuria isipoteze joto, umeyaokoa makaa hayo. Na makaa si kitu cha mchezo tena. Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya serikali kuanzia Februari 2018, amri iliyoondolewa Julai 2023. Mei 2023 Uganda nayo ilipiga marufuku biashara ya makaa kutoka kaskazini mwa nchi. Kila amri ya namna hiyo hatimaye humfikia mama anayenunua makaa kwa mkebe.

Namna ya kukitengeneza

Vifaa vyote vinapatikana sokoni, na vingine ni takataka za watu. Tafuta kikapu imara cha kusuka chenye mdomo mpana, kinachoweza kumeza sufuria yako na kubaki na nafasi ya upana wa kiganja pande zote na chini. Nafasi hiyo ijazwe kitu kinachoshika hewa: vipande vya godoro, pamba, sufi, blanketi kuukuu, au nguo za mitumba zisizouzika. Hewa iliyonaswa katikati ya vitambaa ndiyo inayozuia joto. Tandika karatasi ya nailoni juu yake ili mvuke usilowanishe pamba, kisha shona kitambaa safi juu ya nailoni, kinachoweza kutolewa na kufuliwa. Mwisho shona mto mnene wa kufunika, mpana kuliko mdomo wa kikapu.

Sufuria iwe na mfuniko unaokaa vizuri na isiwe na mpini mrefu. Ijae robo tatu au zaidi. Sufuria kubwa yenye chakula kidogo hupoa upesi, na hapo ndipo wengi wanapokikatia tamaa kikapu wakidhani ni uongo.

Kabla hujakiamini na chakula cha watu, kijaribu kwa maji. Chemsha maji yajae sufuria, funika, yafukie kikapuni kwa saa nne. Kisha chota, mimina katika kikombe cha chuma. Kama kikombe kinashikika kwa raha, ongeza pamba. Kama unakiachia upesi, kikapu chako kiko tayari.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alipokiona changu mara ya kwanza aliniuliza, "Mwalimu, hapo hakuna moto, hakuna moshi. Leo utatulisha hadithi?" Nikamjibu, "Subiri saa kumi, Mama." Saa kumi alipakua mara mbili, na wiki iliyofuata akaniletea blanketi kuukuu akitaka nimshonee chake.

Vyungu vinne vya kikoa

Maharage ya karanga. Kwa watu kama 15, ambao watakula na vyungu vingine, kilo moja ya maharage inatosha. Huku kwetu watu wengi hupenda nambale, maharage makubwa yenye madoa mekundu, ambayo jina lake linafanana na la mji wa Nambale katika Kaunti ya Busia. Yaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji ya kulowekea, tia maji mapya yapite maharage kwa vidole viwili tu, maana kikapuni maji hayapungui. Yachemshe kwa nguvu kwa nusu saa, kisha yafukie yakiwa bado yanatokota. Yaache saa nne au tano. Ukirudi yatoe, yarudishe motoni, tia kitunguu na nyanya ulizokaanga, halafu vikombe viwili vya karanga za kusaga zilizokorogwa kwa maji ya moto. Yachemke tena dakika 10 huku ukikoroga ili karanga zisishike chini. Chumvi iwe ya mwisho.

Nyama yenye kano. Usinunue steki. Chukua mguu, shingo au mkia, ambayo bei yake ni nafuu na utamu wake ni mkubwa. Kano za nyama hizo zinahitaji joto la muda mrefu ili ziyeyuke na kuwa ute, na ute huo ndio unaofanya mchuzi ung'ang'anie ugali. Kata vipande vidogo vinavyolingana, kaanga na kitunguu, tia nyanya na maji, chemsha nusu saa, fukia saa tano. Rudisha motoni hadi itokote vizuri kabla ya kubeba.

Githeri, ambayo Wajaluo huiita nyoyo. Hii ndiyo ngumu kuliko zote kwa sababu mahindi makavu hayana haraka. Loweka mahindi na maharage usiku kucha. Jioni ya pili chemsha kwa saa nzima, fukia hadi alfajiri, chemsha tena nusu saa, fukia tena hadi mchana. Akikuambia mtu kuwa githeri huiva kikapuni kwa saa tatu, hajaipika. Lakini hata hivyo umetumia moto wa saa moja na nusu mahali ambapo ungetumia wa saa nne.

Mgagani na maziwa. Mboga hii Waluhya huiita tsisaka, Wajaluo dek na Waganda ejjobyo. Haifai kufukiwa kikapuni mchana kutwa kwa sababu maziwa huharibika yakipoa. Ichemshe Ijumaa jioni, mwaga maji yenye uchungu, tia maziwa, iache moto mdogo hadi maziwa yakauke na kuwa mazito. Ikishapoa kidogo iweke kwenye friji kama unayo. Kama huna, ipike Jumamosi mchana baada ya kutoka sokoni, kwani haichukui muda mrefu. Mboga hii ni ya kuwaliwaza wazee, nao wataiulizia.

Mambo matatu ya kuogopa

Kupika polepole kuna hatari zake, na anayewalisha watu 30 anapaswa kuzijua zaidi kuliko anayepika kwa ajili ya nyumba yake.

La kwanza ni maharage mekundu. Maharage mabichi yana sumu ya asili aina ya lektini, na mekundu yanayo kwa wingi kuliko mengine. Punje nne au tano zisizoiva zinatosha kumtapisha mtu mzima. Sumu hiyo huvunjwa na mchemko mkali, si na uvuguvugu. Maharage yanayopashwa bila kufikia mchemko yanaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi. Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani inashauri kuloweka angalau saa 5 na kuchemsha kwa dakika 30 katika maji mapya. Ushauri huo unatufaa zaidi sisi, kwa sababu Busia na Tororo ziko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,200, na huku maji hutokota yakiwa na joto la nyuzi 96 hivi, si 100. Mwenye sufuria ya umeme naye asijidanganye. Achemshe maharage jikoni kwanza, ndipo ayahamishie humo.

La pili ni chakula kilichopoa. Vijidudu huzaliana upesi katika chakula chenye joto kati ya nyuzi 5 na 60. Kikapu kizuri hukiweka chakula juu ya 60 kwa saa nne hadi tano. Kwa hiyo usikifunue kuonja, na usilaze nyama kikapuni usiku kucha. Ukikifunua ukakuta chakula ni vuguvugu tu na hujui kimekaa hivyo tangu saa ngapi, kimwage. Mwenye sufuria ya umeme aangalie saa ya ukutani: umeme ukikatika saa tatu asubuhi na kurudi saa nane, taa ya sufuria itawaka kama kawaida, lakini nyama iliyomo si ya kuliwa.

La tatu linawahusu wafanyabiashara moja kwa moja. Ni sumukuvu, ambayo sokoni tunaiita aflatoksini, sumu ya ukungu unaoota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2004 mashariki ya Kenya watu 317 waliugua na 125 walifariki kutokana na mahindi yenye sumu hiyo. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, malori yakakwama mpakani, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, likiwamo la kutozidi sehemu 10 za sumu kwa bilioni. Sumukuvu haiondolewi na jikoni. Haijali umepika saa moja au kumi. Dawa yake ni kukausha vizuri, kuhifadhi juu ya chaga, na kuchagua punje moja moja. Karanga iliyonyauka, iliyobadilika rangi au yenye uchungu usiisage "ipotee ndani". Itupe.

Hapo nina neno pia kwa wauzaji wa maharage. Maharage yaliyokaa ghalani kwa muda mrefu penye joto na unyevu huwa sugu, hayalainiki hata ukiyapika kutwa. Mnunuzi anayepikia kikapuni atayajua siku ile ile. Mwambie ukweli ni ya msimu gani, naye atarudi kwako.

Mtoto aliyekuwa akilinda sufuria

Sasa niseme kama mwalimu. Uganda iliondoa karo katika shule za msingi mwaka 1997 na Kenya ikafanya hivyo mwaka 2003. Hakuna serikali iliyoondoa jiko. Katika madarasa ya huku mpakani tunamjua mtoto ambaye dawati lake huwa wazi siku za soko. Mara nyingi ni msichana, ni mkubwa kwa kuzaliwa, na mama yake ni mfanyabiashara. Ukimuuliza alikuwa wapi, hasemi alikuwa mgonjwa. Anasema alikuwa analinda sufuria.

Mama yake si mtu mbaya. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilipozinduliwa rasmi Februari 2018, karatasi hushughulikiwa mahali pamoja, na bidhaa za nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 zina utaratibu mwepesi. Lakini foleni bado ni foleni. Mama hawezi kujua atarudi saa sita au saa kumi na mbili, na wadogo lazima wale. Kwa hiyo mtu fulani lazima abaki, na huyo ni yule msichana.

Kikapu hakiwezi kumaliza shida zote za mtoto huyo. Lakini hakihitaji mlinzi. Hakina moto wa kumuunguza mdogo anayetambaa, hakiunguzi chakula, na hakina moshi. Mama akiamka saa kumi na moja alfajiri, akachemsha nusu saa na kufukia, msichana anaweza kuvaa sare na kwenda. Mchana wadogo wanapakuliwa chakula cha moto na jirani yeyote mtu mzima. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa ya kifaa hiki, kuliko hata makaa yanayookolewa.

Aliyerudi juzi naye yuko katika hali ile ile. Si kwamba hataki kuchangia. Hana mtu wa kumwachia moto. Akiwa na kikapu anaweza kwenda kutafuta riziki, akarudi jioni na chungu kilichojaa, akakaa mkekani kama watu wengine.

Kubeba hadi mkekani

Kikapu kina faida moja ya mwisho: ndicho chombo cha kusafirishia. Kutoka Busia hadi Tororo ni kama kilomita 30. Boda boda, ambayo jina na kazi yake vilizaliwa kwenye mpaka huu huu wetu, hubeba kikapu bila kumwaga ukikifunga vizuri kwa mpira. Chakula kilichochemshwa upya na kufukiwa saa tisa Busia kitafika Tororo saa kumi na kitu kingali kinaunguza ulimi, na Mlima Tororo ukiwa umeanza kutupa kivuli.

Anayetaka kuanza wiki hii, utaratibu ni huu. Ijumaa usiku chagua maharage, yaoshe, yaloweke. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri mwaga maji, tia mapya, washa jiko. Yakitokota hesabu nusu saa. Saa kumi na mbili yafukie, weka mto juu, weka kikapu mahali ambapo mbuzi hafiki, kisha nenda kwenye shughuli zako. Saa tano au sita mchana pitia nyumbani, au mwombe jirani, yatolewe na kuungwa karanga, yachemke, yafukiwe tena. Saa kumi beba. Usisahau upawa, maana kwenye kikoa vyungu huwa vingi na miiko huwa michache.